KIPIMO KIANZIE JIKONI, KISIISHIE JAANI

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeturuzuku na akatufundisha namna ya kuila riziki yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji yote ya pwani, leo tumeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni dogo, nalo ni kiasi cha chakula tukilacho. Huenda msomaji akasema: Je, masheikh wameyamaliza mambo ya Sala na Zaka hata sasa wanachungulia masufuria yetu? Jawabu letu ni kwamba Mtume s.a.w. alilishughulikia jambo hili kabla yetu. Aliwafundisha Sahaba zake mkono wa kulia, na upande wa kula katika chombo, na namna ya kunywa maji, na wakati wa kuinua mkono. Basi lililofundishwa na Mtume halina udogo, wala mwenye kulisomesha hana la kuonea haya.

Lakini haya tunayo, na tutaanza na aibu yetu wenyewe, kwani si uungwana kumtazama mwenzio sahani yake na yako umeificha.

Sisi ni watu wa pwani. Tumezaliwa huko na tumesoma vyuoni huko, na sasa ni miaka kadhaa tunasomesha Dandora, mtaa ulioko mashariki ya Nairobi. Na kazi ya sheikh, kama mjuavyo, ni kuitwa. Huitwa kwenye arusi, huitwa kwenye akika, huitwa kufuturu. Na kila aitwapo huwekwa mbele, penye nyama nyingi. Mwaka jana tulishikwa na kiu isiyokatika, na usiku tukawa tunaamka mara nne na tano. Tulipokwenda kupimwa tukaambiwa kuwa sukari imezidi katika damu. Muuguzi aliyetupokea, binti wa umri wa wanetu, akatuuliza kwa adabu: "Sheikh, kwa mlo mmoja unakula wali kiasi gani?"

Tukanyamaza. Twajua nisabu ya dhahabu na nisabu ya fedha. Twajua pishi ya Zaka ya Fitri, na twajua kiasi cha maji yasiyonajisika ila yakigeuka. Lakini kiasi cha wali tunachokitia tumboni mwetu siku zote hatukukijua. Tukamwambia: "Binti yetu, sisi twala siniani." Naye akasema: "Basi, Sheikh, hilo sinia ndilo la kupimwa kwanza."

Neno hili la binti yule limetukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tuishike kalamu.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita kiasi, na akatujulisha kuwa hawapendi wapitao kiasi. Tazameni jinsi amri na katazo zilivyokuja pamoja katika aya moja. Hakutuambia tusile, wala hakutuachia tule bila ya mpaka. Na katika Hadithi aliyoipokea Al-Miqdam bin Maadikarib, iliyomo katika kitabu cha Imamu Tirmidhi, Mtume s.a.w. alieleza kwamba hapana chombo ajazacho mwanaadamu kilicho na shari kuliko tumbo lake. Kwamba matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake yamtosha. Na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi thuluthi iwe ya chakula, na thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Sisi tumeisomesha Hadithi hii miaka mingi, na baada ya kuisomesha tukaondoka kwenda kula.

Kosa letu lilikuwa wapi? Halikuwa katika kutoijua thuluthi, bali katika kutokijua kizima. Mtu asiyejua amepika kiasi gani, na amepakua kiasi gani, na amekula kiasi gani, atazungumza vipi juu ya thuluthi? Kungoja tumbo liseme ndipo mkono uinuke ni kungoja hakimu ambaye hufika kesi ikiwa imekwisha. Waganga wanatueleza kwamba habari ya shibe huchukua yapata dakika 20 kufika kichwani tangu mtu aanze kula. Na mlaji wa haraka katika dakika 20 amekwisha kula, na ameongezewa, na anatafuta maji ya kunawa.

Basi kipimo kinatakiwa kitangulie mkono. Na dini yetu imejaa vipimo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ndiyo kibaba, na akikoga kwa pishi mpaka vibaba vitano. Ikiwa maji ya udhu yana kipimo, wali utakosaje? Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mzee asiyeweza kufunga hutoa fidya kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji, apewe maskini. Hebu tukifanyie hesabu kibaba hicho. Tukiichukua pishi kuwa kilo 2 na nusu, kama watu wengi wanavyokadiria katika Zaka ya Fitri, basi kibaba, ambacho ni robo yake, ni gramu 625. Mchele mkavu gramu 100 una kalori zipatazo 360, na kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Kwa hesabu hiyo kibaba kizima cha mchele kina kalori zipatazo 2,250. Na watu wazima wengi mahitaji yao ya siku nzima ni baina ya kalori 2,000 na 2,500. Hatuyataji haya kwa kudai muujiza. Twayataja ili msomaji aone kuwa kibaba tunachompa maskini ni chakula cha mtu cha usiku na mchana.

Tuliporudi nyumbani tukapima. Nyumbani tu watu sita, na mchele wa mchana ulikuwa kilo 1 na nusu. Hizo ni gramu 250 kwa kila mtu, lau sote tungekula sawa, na kila mmoja wetu ajua kwamba baba na watoto hawali sawa. Kalori zake ni 900, za mchele peke yake, kabla ya kuhesabu nazi, na mafuta, na nyama. Na asubuhi yake tumekwisha kula mahamri na mbaazi, na jioni yatungoja mengine. Kwa mlo mmoja tumekula mafungu mawili katika mafungu matano ya kile kibaba cha siku nzima. Ndipo tulipojua kwamba ugonjwa haukutuvamia, bali tuliupikia wenyewe.

Sasa tuwaelezeni tulilojifunza Dandora, maana huku tulikuja kusomesha, na katika jambo hili tumesomeshwa.

Mtaa huu ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja vipatavyo 6,000 vikakusudiwa kugawiwa watu wa kipato kidogo wajijengee. Dukani huku mafuta ya kupikia hupimwa kidogo kidogo kwa fedha aliyonayo mnunuzi. Sukari huuzwa robo kilo na chini yake, na maharage na mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Wenyewe huita mtindo huu kadogo. Mama wa nyumba huku anajua usiku wa leo amepika unga kiasi gani, kwa sababu ameununua leo na ameulipia leo. Sisi wa pwani tuliojaaliwa kununua mchele kwa gunia huchota kwa bakuli lolote lililo karibu, na tukiogopa kupunguka huongeza jingine.

Tulimwuliza mama mmoja mwenye kibanda cha chakula, ambaye hupika githeri na maharage, ajuaje kuwa chakula kitatosha watu wote. Akatuonyesha upawa wake akasema: "Sheikh, kila sahani upawa mmoja na nusu. Nikizidisha kwa kila mtu, mpaka jioni sina faida." Tukasema moyoni: huyu anachunga faida ya siku moja kwa upawa, na sisi hatukuchunga afya ya umri mzima kwa lolote.

Hatusemi haya kuusifu umaskini. Umaskini ni mtihani, na mwenye kulala na njaa haambiwi apunguze chakula. Huambiwa hivyo yule aliyeshiba. Nasi tulipotaka kulisomesha somo hili Dandora tuliona haya, kwa kuwa katika darasa letu wamo watu wa mlo mmoja kwa siku. Lakini kijana mmoja wa darasa hilo ndiye aliyetuambia tuliandike.

Kijana huyo kazi yake ni kuokota chupa na vyuma katika jaa la Dandora. Jaa hili lilifunguliwa katika miaka ya 1970 kando ya Mto Nairobi. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na baada ya hapo magari yakaendelea kumwaga taka za jiji miaka zaidi ya ishirini. Alituambia: "Sheikh, sisi hatuhitaji kutazama kalenda. Wali na mikate ikija mingi, twajua mjini kulikuwa na sikukuu." Tukamwuliza chakula hicho huwa nini. Akasema: "Kisichoharibika huliwa." Hakusema kwa kulalamika, bali kama mtu aelezaye habari ya mvua.

Wala msomaji wa Mombasa asidhani kuwa jaa ni la Nairobi tu. Kibarani palikuwa jaa mpaka lilipofungwa mwaka 2018, na taka za mji zikaelekezwa Mwakirunge. Jaa hufungwa, lakini israfu ikiwa wazi jikoni, jaa jingine litafunguka. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Isra, aya ya 27, amewahesabu wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani.

Na haya si mambo ya nyumba moja. Serikali ya Kenya ilipofanya uchunguzi wa afya ya watu wake mwaka 2014, ilionekana kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 33 uzito wao umepita kiasi. Na katika uchunguzi ule ule, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 26 walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliodumaa wamepungua wakawa 18 katika 100, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo; lakini mwenye akili atazame namna nchi moja ilivyo na mwenye kuugua kwa kuzidi na mwenye kuugua kwa kukosa, na baina yao pana ukuta tu.

Sasa tutaje njia, nazo si ngumu, wala hazihitaji kununuliwa kitu.

Kwanza, mchele upimwe kabla ya kuoshwa. Chukueni kikombe kimoja, kiwe ndicho hicho hicho kila siku, na mjue vikombe vingapi hupikwa kwa watu wangapi. Kisha punguzeni kikombe kimoja, na baada ya wiki mbili mtazame kama pana aliyelala na njaa. Nyumbani kwetu tumetoka kilo 1 na nusu tukafika kilo moja, na watoto hawakutambua mpaka tulipowaambia.

Pili, kipakuliwe mara moja, na sufuria libaki jikoni. Chakula kikiwa mbele ya macho, mkono hukiendea bila ya njaa. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2015 walithibitisha jambo ambalo kila mpishi alijua, nalo ni kuwa watu wakiwekewa kingi na katika vyombo vikubwa, hula kingi. Basi wawekeeni sinia dogo, nao watakula kidogo pasina ugomvi.

Tatu, upande wako wa sinia ndio mpaka wako. Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka chomboni, na Mtume s.a.w. akamfunza kutaja jina la Mungu, na kula kwa mkono wa kulia, na kula kilichomwelekea. Wengi wetu twaijua Hadithi hii kuwa ni adabu, nayo kweli ni adabu, lakini ndani yake mna kipimo pia. Mgonjwa wa sukari hana haja ya kujitenga na wenziwe na kula peke yake kama aliyefukuzwa. Na akae siniani, autenge upande wake tangu mwanzo, na ukimalizika amemaliza.

Nne, anzeni kwa mboga na samaki, kisha wali. Desturi yetu ni kuutangulia wali, na mchicha au kachumbari hubaki pembeni kama pambo. Tumbo likitangulizwa mboga, wali hauna nafasi ya kujaza.

Tano, matonge yawe madogo, na mkono upumzike baina ya tonge na tonge, wala msile na macho yako katika televisheni au simu. Mtu aliyeghafilika hajui alichokula, na asiyejua alichokula hajakishukuru.

Sita, hesabuni sukari ya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kutiwa isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha mtu, na ikipungua ikawa nusu ya hiyo, yaani yapata gramu 25 au vijiko 6 vya chai kwa siku nzima, ni bora zaidi. Anywaye vikombe vitatu vya vijiko vitatu amekwisha fika 9, kabla ya kaimati na halua. Punguzeni nusu kijiko kila wiki. Ulimi ni kama mtoto, huzoea ulelewavyo.

Saba, futari. Mtume s.a.w. alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, na asipopata kwa tende kavu, na asipopata kwa mafunda ya maji, kabla ya kuswali. Basi nasi tufuturu kwa tende na maji, tuswali Magharibi, kisha turudi. Huko kwenda na kurudi ndiko kuupa mwili nafasi ya kutambua kuwa umepewa. Lakini sisi huweka uji, na sambusa, na viazi vya nazi, na mkate wa mayai, tukala mpaka Magharibi ikawa karibu kutupita, na Tarawehe tukaziswali tumelemewa. Mwezi uliowekwa kulifunza tumbo utii tumeufanya mwezi wa kulipa fidia.

Nane, na hili ndilo gumu kuliko yote, mgeni aaminiwe. Katika miji yetu mgeni akisema ameshiba, mwenyeji huapa kwa jina la Mungu kwamba lazima aongeze, na asipoongeza hujiona ametukanwa. Ewe mama mwenye nyumba, na ewe bwana mwenye karamu, huyo unayemwapia huenda asubuhi ameambiwa na daktari neno ambalo hakutaka kukuambia mbele za watu. Ukarimu ni kumpa mgeni nafasi, si kumpa maradhi. Na mgeni naye, aseme "Alhamdulillahi" mara moja kwa uso mkunjufu, wala asitoe hotuba juu ya ubaya wa chakula cha watu, kwani Mtume s.a.w. hakukitia chakula ila hata siku moja. Akikitaka hula, na asipokitaka hukiacha.

Yako maneno matatu ambayo tumekwisha kuyasikia, na yatupasa tuyajibu.

Wa kwanza husema: Haya ni mambo ya Wazungu, ya kutaka miili myembamba. Twamjibu kwamba amali huhukumiwa kwa nia. Anayepunguza chakula ili atazamwe, malipo yake ni hao watazamaji. Na anayepunguza ili aweze kurukuu na kusujudu bila ya kushikiliwa, na asimwache mkewe mjane kabla ya wakati, huyo yumo katika ibada. Al-Ghazali aliandika katika Ihya kitabu kizima juu ya kuivunja matamanio ya tumbo, zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, wala hakuwa Mzungu.

Wa pili husema: Umri ni wa Mungu, atakayekufa atakufa. Ni kweli, lakini Mungu huyo huyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na mkono upelekao tonge ni mkono.

Wa tatu husema, na khasa ni wanawake wasemao: Mke akikonda, mumewe husemwa kuwa hamlishi. Desturi hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini mizani haimo mikononi mwa majirani. Na enyi waume, ninyi ndio wa kwanza kuikunjia uso sahani ndogo. Mwanamke hawezi kupunguza kikombe kimoja cha mchele ikiwa mumewe atauliza kwa sauti kama nyumba imefilisika. Aanze mume kushukuru, ndipo jikoni pataongoka.

Walakini, kupita kiasi kuna milango miwili. Katika Bukhari imo habari ya Salman na Abud-Dardai: mmoja alijinyima kula na kulala kwa ajili ya ibada, na mwenziwe akamzuia na kumkumbusha kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na jamaa wana haki; na Mtume s.a.w. akamsadikisha mwenye kuzuia. Basi mja mzito, na mwenye kunyonyesha, na mtoto anayekua, na mzee aliyedhoofika, wasipunguziwe kwa kufuata makala haya. Na mwenye kutumia dawa ya sukari, khasa ya sindano, asibadilishe chakula chake ghafla ila kwa shauri la daktari, maana sukari ikishuka mno pia huua.

Limebaki neno moja, nalo ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo. Kile kikombe cha mchele kilichopunguzwa kiende wapi? Kikirudi guniani umefanya akiba, na si vibaya. Kikipikwa kisha kikamwagwa, hukupunguza kitu; umehamisha tu chakula kutoka tumboni kwenda jaani. Lakini kikitengwa kabla hakijapikwa, kikampate jirani, hapo umepunguza kweli. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume s.a.w. alisema kwamba chakula cha wawili hutosha watatu, na cha watatu hutosha wanne. Na alimwusia Abu Dharri apikapo mchuzi azidishe maji yake awakumbuke majirani. Tazameni hekima yake: hakumwambia azidishe nyama. Wingi wa maji ni uchache wa mafuta kwa mwenye nyumba, na ni mchuzi kwa jirani. Tendo moja limewaponya wawili.

Nasi katika darasa letu tumeweka ndoo yenye kifuniko. Kila mwenye kujaaliwa hutia kikombe alichokipunguza nyumbani kwake, kwa siku, au kwa wiki, bila ya kuandikwa jina. Na siku ya Alhamisi hugawiwa watu wa mtaa bila ya kuulizwa dini yao. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga wamekwisha sema. Ndoo kama hiyo yaweza kuwekwa Kibokoni, na Mji wa Kale, na Shela, na mahali popote penye msikiti na mtu mwaminifu wa kuishika.

Huenda mtapenda kujua hali yetu. Ni mwezi wa nane sasa. Kiu imetuondoka, mkanda umeingia matundu mawili, na dawa bado twanywa, maana kuacha dawa ni kazi ya daktari kuamua. Mara mbili tumevunja kipimo, na zote mbili zilikuwa arusini, mbele ya biriani. Tukaomba maghufira, na kesho yake tukashika kikombe. Na yule binti muuguzi alipotuuliza tena mwezi uliopita twala wali kiasi gani, tulimjibu bila ya kusita.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya At-Takathur ametuonya kuwa siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Swali hilo halitakuwa la muuguzi, wala hapatakuwa na sinia la kujifichia. Basi tupime leo, tungali na kikombe mkononi.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika riziki uliyoturuzuku, utukinaishe kwa kidogo chake, uwaponye wagonjwa wetu, na uwashibishe wenye njaa miongoni mwetu kwa mikono yetu. Amin.

Wabillahi ttaufiq.